Shajara ya Mistari: Picha Ishirini, Kibirizi hadi Luiche

6 Septemba. Picha 0.

Nimeharibu karatasi sita tangu asubuhi, zote kwa namna moja. Nilikaa Kibirizi, hapa Kigoma, juu kidogo ya pale dagaa wanapoanikwa, nikachora kilima, mitumbwi, paa za mabati na Ziwa Tanganyika. Ukiitazama picha kwa mbali, kila kitu kipo mahali pake. Ukiisogelea, mstari wa kilima ni uleule wa mtumbwi, na wa mtumbwi ni uleule wa bati: unene mmoja, mwendo mmoja, kama waya wa umeme uliokunjwakunjwa.

Ugonjwa huu naujua ulikotoka. Miaka kumi na tisa naandika mabango: maduka ya dawa, saluni, mama lishe, "Usikojoe Hapa". Katika kazi ile mstari mzuri ni ule usioonyesha kwamba mkono wa mtu umepita. Mteja akiona rangi imenenepa kwenye mguu wa A, anakata pesa. Sasa nataka kuchora nchi kwa mistari peke yake, na mkono unaniandikia milima kana kwamba unaandika DUKA.

Masharti, nisije nikajidanganya baadaye: picha ishirini, kuanzia Kibirizi, kupitia ghuba, Bangwe, Katonga, Ujiji, mpaka Mto Luiche unapoingia ziwani. Rangi hakuna. Kusugua kivuli kwa kidole hakuna. Rula na kifutio vinabaki nyumbani. Giza, mwanga, umbali na upepo, vyote vitoke kwenye mstari. Mwisho ni katikati ya Novemba, mvua zikishashika.

9 Septemba. Picha 0.

Kalamu ya bic nimeiacha. Imetengenezwa itoe wino uleule ubonyeze usibonyeze, na sifa hiyo ndiyo ninayoikimbia. Mkaa wa gunia unakwaruza karatasi. Nilichoma vijiti vya mpera ndani ya kopo la maziwa, nikaziba kwa udongo na kutoboa tundu moja la moshi. Nikapata mkaa laini, mweusi, mtamu kweli. Tatizo ni kwamba unafutika hata kwa pumzi, na kidole changu kinausugua chenyewe bila kuniomba ruhusa. Sharti la tatu limevunjika mara nne kwa saa moja.

13 Septemba. Picha 0 bado, lakini nina kalamu.

Leo nimeshinda Ujiji. Mjomba alinipeleka kwa mzee mmoja aliyefundisha chuo cha Kurani tangu ujana wake, enzi za watoto kuandikia mbao. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Sasa wewe unataka kuandika nini, mwanangu?"

"Milima, mwalimu."

Akacheka mpaka akavua kofia. "Milima haina herufi. Haya, leta hayo matete."

Matete nilikuwa nimeyakata jana kwenye maji yaliyotuama njia ya Luiche: ya kijani, marefu, mazuri. Akayatupa yote. Tete la kalamu hukatwa likiwa limekomaa na kukaukia palepale lilipoota. Ukilichonga likiwa bichi, ncha inajikunja likikauka. Alikuwa na yake darini. Akachukua moja, nene kama kidole cha mwisho, akalikata mshazari mrefu, akakwangua nyama laini ya ndani kwa ncha ya kisu, akapunguza mbavu mpaka ukabaki ulimi. Kisha akaulaza ulimi juu ya kipande cha mfupa na kuupasua katikati, upasuko usiozidi ukucha. "Hii ndiyo njia ya wino. Ukizidisha, kalamu inaachama kama kuku mwenye kiu." Mwisho akakata ncha. Kwa Kiarabu, akasema, ncha hukatwa upande ili herufi ipate pa kunenepa na pa kukonda. "Kwako nakata wima, maana sijui milima yako inaelekea wapi."

Wino wake ni masizi. Unawasha koroboi, unaikingia sahani ya bati, unakwangua kinachoganda, unachanganya na gundi ya mgunga iliyoloweshwa, tone kwa tone. Gundi ikiwa chache, wino unafutika kama vumbi. Ikiwa nyingi, unakauka kwenye kalamu kabla haujafika kwenye karatasi. Vipimo hana, ana jicho.

Nikiwa naaga akaniambia neno kalamu lenyewe, ukilifuata mpaka Kiarabuni, maana yake ni tete. Nimelitumia tangu darasa la kwanza na sikuwahi kuuliza.

14 Septemba. Picha ya 1.

Tete linabeba wino mdogo mno. Unachovya, unavuta mstari wa shibiri moja, umekwisha. Nilikasirika kwa nusu saa nzima. Halafu nikaona nilichokuwa nakifanya: mstari unaanza mweusi na mnene, unakonda, unachakaa, unaisha kwa mikwaruzo ya ukavu inayofanana kabisa na majani makavu ya kilima cha Septemba. Kwenye bango hiyo ingekuwa aibu. Hapa nimepata nyasi bila kuchora nyasi.

Ninacho kitabu kilichochakaa chenye picha za wino za mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, na kwa mara ya kwanza nimezielewa kwa mkono badala ya macho. Mwaka 1888 alikuwa Arles, kusini mwa Ufaransa, ambako matete yalikuwa yanaota jirani, akawa anajikatia kalamu mwenyewe. Sikuzote nilidhani vile vistari vifupi, vinukta na vizingo ni tabia yake tu, namna mtu anavyokuwa na sahihi. Nusu ya tabia ile ni ya tete. Kalamu isiyobeba wino inakulazimisha useme kwa maneno mafupi. Nusu nyingine ndiyo yake: shamba lililo karibu linapewa vistari vinene vilivyosimama, uwanda ulio mbali unashuka kuwa nukta, na mbingu mara nyingi anaiacha tupu. Wino wa nyingi ya picha zile umegeuka kahawia kwa miaka. Masizi ya koroboi angalau hayageuki.

Picha ya 1: kilima nyuma ya Kibirizi. Siyo nzuri. Ila kilima na bati havifanani tena.

20 Septemba. Picha ya 2 na ya 3.

Katonga, kwenye mawe. Nimejipa zoezi la zamani la wachoraji: unakitazama kitu, mkono unakwenda, na karatasi huitazami kabisa. Niliufunika mkono kwa kanga ya mke wangu. Jicho linatembea kwenye ukingo wa jiwe kwa mwendo wa kinyonga, na kalamu inatembea nalo. Watoto walikusanyika; mmoja akamwambia mwenzake, "Baba huyu anaficha majibu."

Matokeo yamepotoka, mawe yamepandiana. Lakini kila mstari unajua jiwe lilikuwa wapi gumu na wapi lililambwa na maji. Nilipochora tena huku natazama karatasi, ujuzi ule ukapotea palepale na mkono wa mabango ukarudi. Kwa hiyo kosa liko kwenye jicho linalousimamia mkono kama msimamizi wa kibarua. Mkono peke yake hauna neno.

Jambo jingine, dogo ila kubwa: bango huandikwa kwa kiwiko na kifundo, mkono wa pili ukiwa chini yake kama mhimili. Mstari mrefu wa kilima unataka bega. Nimesimamisha ubao kwenye mti na kuchora nimesimama. Bega linauma. Kilima kimepumua.

27 Septemba. Picha ya 4 hadi ya 7.

Wiki nzuri. Nimeanza kuipa mistari majina.

Wazo ni la Wachina wa kale. Wachoraji wao wa milima hawakusema tu "kivuli cha mwamba". Kila namna ya kupiga brashi ilikuwa na jina lake. Kuna mapigo yaliyoitwa kwa nyuzi za katani, marefu na laini, ya vilima vya udongo. Kuna yaliyoitwa kwa pigo la shoka, ya mwamba uliopasuka. Fan Kuan, aliyeishi zama za watawala wa Song, miaka elfu moja iliyopita, anajulikana kwa mapigo madogomadogo kama matone ya mvua, maelfu, mpaka mlima mzima unasimama mbele yako. Ukishakuwa na jina, unaweza kuchagua. Bila jina unarudia tu ulichozoea.

Siwezi kuchukua katani na shoka za watu. Nimejitengenezea za hapa:

Dagaa. Vistari vifupi vilivyochongoka pande zote mbili, vimelala upande mmoja lakini hakuna viwili vilivyo sambamba kabisa. Nimevichukua kwenye vichanja vya Kibirizi. Vinafaa kwa maji yenye upepo mdogo, na kwa nyasi ukivisimamisha.

Mkeka. Mistari inayokatana, ya kutia giza. Nilikuwa naikata kwa pembe mraba kama wavu wa dirisha na giza lilikuwa linakufa. Mke wangu, ambaye husuka, alitazama akasema, "Mkeka hausukwi hivyo, unasukwa mshazari." Nikaupindisha, giza likapata pumzi. Korongo la nyuma ya Bangwe lote limechorwa kwa mkeka.

Kamba. Mstari mmoja mzito unaojizungusha huku unakwenda, kwa mizizi na mashina.

Chikichi. Pigo moja la haraka kutoka bega, linaanza nene na kuisha kama sindano. Kuti la mchikichi halichorwi polepole. Ukilichora polepole linakuwa unyoya wa kuku. Nimeharibu michikichi arobaini hivi kabla mmoja haujakubali, na uliokubali niliuchora nikiwa na hasira na inzi.

La mwisho nimeliita kimya: sehemu ambayo kalamu haigusi. Hilo ndilo linalonitisha. Mwandishi wa mabango analipwa kwa kujaza.

5 Oktoba. Picha ya 8 na ya 9.

Mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wengi wamelala, maana dagaa huvutwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi. Ziwa zima lina mwanga. Mitumbwi imepandishwa mchangani miwili miwili, imeunganishwa kwa miti iliyolazwa juu yake. Zamani kila mmoja ulikuwa na karabai zake, sasa nyingi ni taa za betri.

Nilichora usiku. Ajabu ya mwanga wa mwezi ni kwamba unafuta mistari ya ndani ya vitu na kuacha kingo tu, kisha kingo zenyewe unazifuta upande mmoja. Mtumbwi una mstari kushoto; kulia hauna, na bado unauona umekamilika. Nilikazana kujizuia nisiufunge. Picha ya 9 ina mitumbwi saba na hakuna hata mmoja uliofungwa pande zote. Hii naipenda.

11 Oktoba. Picha ya 10.

Nilitaka ghuba pamoja na meli. Mahali fulani, ambapo sitapataja, mlinzi alinifukuza akidai naandika ramani. Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akaigeuza juu chini, akaniambia, "Hii hata ramani siyo. Lakini ondoka."

Nikapanda kilimani, nikachora kutoka juu. Ni afadhali, maana kwa juu meli yenyewe, Liemba, inaonekana ndogo ndani ya nchi badala ya nchi kuwa pazia lake. Chuma kile kilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Kikaingia majini mwaka 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakakizamisha wenyewe kisiwafae maadui, Waingereza wakakiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 kikarudi kazini.

Nilidhani hapa mkono wa bango utanifaa: meli ni pasi ndefu, mistari iliyonyooka, kazi yangu hiyo. Ikatokea kinyume. Meli yenye mstari sawa ilionekana kama imekatwa gazetini na kubandikwa. Ilibidi nikate mstari pale jua linapopiga bamba, niuache upotee kabisa upana wa kidole, kisha uibuke upande wa kivuli ukiwa umenenepa. Jicho la mtazamaji linaunga lenyewe.

19 Oktoba. Picha ya 11 na ya 12.

Ukungu wa moshi. Mapori yamechomwa miezi hii yote, vumbi nalo halijapata mvua, na ng'ambo ya Kongo haipo. Namaanisha haipo: ziwa linaenda, linafifia, linakuwa mbingu. Mgeni anaweza kuondoka hapa akiamini amesimama mbele ya bahari. Na kwa urefu wake wa kilomita 670 na ushei na kina kinachofika mita 1,470, simlaumu.

Nachoraje kitu kisicho na ukingo? Jaribio la kwanza: mistari myembamba ya mlalo, ikipungua kwenda juu. Ikawa daftari la shule. La pili: dagaa mbele, nukta katikati, halafu kimya. Niliacha zaidi ya nusu ya karatasi nyeupe. Binti yangu akauliza kama wino umeisha.

26 Oktoba. Hasara.

Picha ya 13 ilikuwa Bangwe, mawe na ziwa lililochafuka, siku mbili za kazi. Upepo ukaichukua na ubao wake. Vijana wawili waliogelea wakaniletea. Wino wa masizi na gundi ukilowa unafunguka, na ulikuwa umefunguka. Nilitamani kuandika hapa kwamba maji yamechora vizuri kuliko mimi, maana hadithi za wachoraji zimejaa ajali za namna hiyo. Hii haikuwa hivyo. Lilikuwa tope jeusi kwenye karatasi ya manila. Niliwapa vijana hela ya soda, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu leo: vibanio vinne vya nguo, na jiwe.

2 Novemba. Picha ya 13 tena, ya 14, ya 15.

Mvua imeanza. Wino unachukua nusu siku kukauka, karatasi inavimba na kalamu inazama. Nimegundua kuikausha karatasi juu ya sufuria ya maharage, kwa mbali, kabla ya kuchora. Nyumba nzima inanuka sanaa na maharage.

Ujiji, miembe. Wageni wanapelekwa kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa. Iliyopo hutajwa kuwa vizazi vyake. Mimi nilikwenda kwenye mingine, ile isiyo na kibao, inayopanga barabara na kuangusha maembe juu ya bajaji. Mwembe ni mtihani kwa mtu wa mstari kwa kuwa hauna ukingo: ni giza lenye majani pembeni. Ukiuzungushia mstari unakuwa uyoga. Nilianzia ndani, mkeka mzito karibu na shina, nikaupunguza kwenda nje, na pembeni kabisa nikapiga dagaa wachache walioning'inia. Shina kwa kamba. Picha ya 15 ndiyo bora katika zote mpaka sasa, na niliichora nikiwa nimekaa kwenye kreti ya soda na maji yakinidondokea shingoni.

Katikati ya wiki nilikuwa na bango la kinyozi. Bila kufikiri nilimchorea nywele za yule kichwa cha mfano kwa mapigo ya dagaa. Akasimama mbele yake muda mrefu. "Fundi, huyu mtu amekaa kwenye upepo?" Amekataa kulipa salio mpaka nirekebishe.

9 Novemba. Picha ya 16 na ya 17.

Jana alasiri mvua kubwa, kisha ikakatika ghafla. Nilikuwa Katonga. Kongo ikatoka.

Aliyeishi hapa anajua. Miezi unaambiwa kuna milima kule, unasahau, halafu hewa inaoshwa na milima inakuja mzima mzima, ya bluu, mirefu kuliko ulivyokumbuka, na mikunjo yake unaweza kuihesabu. Haikai. Jua lilikuwa limeshuka, nikakadiria dakika ishirini.

Nikaanza kwa kukosea. Nikachovya vizuri, nikavuta kilele cha kwanza mweusi, safi, unene mmoja. DUKA. Nikageuza karatasi.

Upande wa pili sikuchovya. Nilichukua tete lililotumika asubuhi, ulimi wake umeshachoka na wino umebaki kidogo, nikalivuta kwa bega kutoka kaskazini kwenda kusini bila kutazama karatasi zaidi ya mara mbili. Mstari ulikatika mahali patano. Mahali pawili ulikatika wenyewe, patatu niliunyanyua mimi pale mawingu yalipokaa. Kisha karibu kabisa, chini, nikachovya kwa mara ya kwanza na kupiga mawe ya Katonga: mazito, meusi, machache. Katikati sikuweka kitu. Ziwa lote lile halina mstari hata mmoja.

Nilipoinua kichwa, mawingu yalikuwa yamefunga na Kongo imekwenda zake. Mvuvi aliyekuwa anakung'uta wavu karibu yangu alikuja kutazama.

"Maji hujachora, kaka."

"Yapo hayo hapo katikati."

Akatazama tena, kwa muda. "Yapo," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

16 Novemba. Hesabu.

Zimekamilika 17. Ya 13 ni ya pili ya jina lake. Ya 4 na ya 6 nitazichora upya, zina mkono wa zamani. Tatu zilizobaki ni Luiche, na Luiche imejaa. Njia ya matete iko chini ya maji, kwa hiyo tarehe niliyojiwekea imepita na sina la kufanya ila kungoja. Matete makavu ninayo saba. Mwalimu ameagiza nimpelekee picha moja "ya milima isiyo na herufi". Nadhani nitampa ya 9, mitumbwi ya mbalamwezi, ingawa siyo milima, kwa sababu ya 17 siitoi.

Wino: nusu kichupa. Gundi imeisha.

Kesho asubuhi namalizia bango la kinyozi. Amesisitiza nije na brashi.